Kiwanja cha Yungiyungi Jeupe

Mjini Sungai Kelubi, Kwai Fong alijulikana kwa mambo mawili. La kwanza, sare alizoshona hazikuachia mshono. Msichana aliingia nayo kidato cha kwanza, akaivaa mpaka ikambana, kisha akamrithisha mdogo wake. La pili, tangu mumewe azikwe hakuwahi kukanyaga Siku ya Waasisi katika shule ile ile aliyoishonea sare. Kila mwaka aliletewa mwaliko wenye jina lake kwa wino wa dhahabu, na kila mwaka aliukunja akauweka chini ya mguu wa meza uliopungua. Picha ya marehemu mumewe ilitundikwa ukumbini kule, pana kama mlango. Watu walisema ni uchungu wa ujane. Wengine walisema ni maringo tu, hata mke wa tatu naye ana maringo yake. Kwai hakumsahihisha mtu. Alikata kitambaa cheupe cha blauzi na cha buluu cha gauni, akashona, akafunga duka.

Alizaliwa asikojua. Mwaka 1931, mtu alimweka ndani ya kikapu cha kubebea mboga, akamwacha mlangoni pa nyumba ya watawa iliyokuwa imebanana na ukuta wa jabali la chokaa, nje kidogo ya mji. Kitovu chake kilikuwa kimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Mtawa Wai Chi, aliyekuwa mkubwa wa nyumba, alimwokota, akampa jina, akamlisha uji wa mchele kwa ncha ya kitambaa. Walikuwa wasichana kumi na mmoja waliolelewa pale kwa namna hiyo, na wote walimwita Mama Mtawa.

Mama Mtawa mwenyewe alikuwa mkimbizi wa ndoa. Kwao China wazazi wake walikwisha kula posa ya mwanamume aliyepooza kuanzia kiunoni, na siku tatu kabla ya harusi yeye akapanda meli. Alikuwa mwembamba, mkali, kichwa kimenyolewa mpaka kinang'aa, na sauti yake ilitosha kumnyamazisha kasisi au askari. Wakati wa Wajapani aliwapaka wasichana wake masizi na kinyesi cha bata usoni, akawakalisha pangoni nyuma ya sanamu ya Kwan Yam, mungu wa kike wa huruma, na hakuna hata mmoja aliyeguswa. Kwai alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikumbuka harufu ile ya kinyesi cha bata kama mtu anavyokumbuka harufu ya nguo ya mama yake.

Vita vilipokwisha, Mama Mtawa aligeuza ukumbi wa kulia chakula kuwa darasa. Watoto wa wanawake waliochekecha mchanga wa mtoni kutafuta madini ya bati walikuja wakiwa na matope mpaka magotini. Walisoma mpaka darasa la sita, na wakimaliza la sita walirudi mtoni, kila mmoja na karai lake la kuchekechea, miguu majini, mgongo juani, kama mama zao. Shule ya sekondari ya wasichana iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa ya wamisionari, mwendo wa saa mbili kwa gari, na huko mtoto alitakiwa kwanza abatizwe. Jambo hilo lilimuuma Mama Mtawa kuliko jino bovu. Akasema atajenga sekondari yake, ya Kibudha, ambapo mtoto ataingia na dini yake na kutoka nayo. Waliomsikia walicheka kwa heshima. Chini ya jabali pale hapakuwa na nafasi hata ya banda la kuku, na kila mvua kubwa mawe yaliporomoka.

Mwenye ardhi alikuwa Liew Tong Sang, tajiri wa machimbo. Alikuwa na kilima kimoja kilichosawazika juu, kando ya bwawa lililoachwa na wachimbaji. Watu wake walikwisha kukichokonoa kilima kile wakakuta mawe matupu, hakina bati hata la kutengenezea sindano. Kwake hakikuwa na faida. Hata hivyo Mama Mtawa alipanda ngazi za nyumba yake mara nne kukiomba, na mara nne akarudi na chai tu tumboni. Mara ya tano alirudi amenyamaza.

Kwai alikuwa jikoni, ana miaka ishirini. Asubuhi alitengeneza tofu, maziwa ya soya yaliyogandishwa, ya kuuza sokoni, na mchana aliwafundisha wadogo kuandika. Alikuwa anakamua soya iliyosagwa, amefunga kitambaa juu ya beseni, mikono yake imetota maji meupe ya moto. Mama Mtawa alivuta kibao, akaketi. Hakuwa na desturi ya kuketi jikoni.

"Tajiri Liew amekubali kutoa kilima," akasema. "Ana ombi moja."

Kwai akaendelea kukamua.

"Anasema amekuona ukipeleka tofu sokoni. Ana wake wawili na nyumba haina mtoto. Anasema aliyelelewa na Kwan Yam atamletea baraka."

Maji ya soya yalidondoka. Kwai alikuwa amemwona mtu huyo. Alikuwa na miaka hamsini na minane, ana meno ya dhahabu juu na chini, na sokoni alikuwa na tabia ya kubonyeza samaki wa wauzaji jichoni kisha hanunui.

"Sitakulazimisha," Mama Mtawa akasema. "Lakini wafikirie wadogo zako. Hesabu kichwani wangapi watasoma, miaka kumi, miaka hamsini."

Kwai hakujibu. Alitaka kusema kwamba yeye pia alikuwa anataka kunyolewa kichwa, avae kanzu ya kijivu, abaki pale pale. Alikuwa amekwisha kuomba hilo mara mbili na kuambiwa angoje akue. Alikuwa hajawahi kumwambia Mama Mtawa hapana, wala hakujua neno hilo linaanzia wapi mdomoni. Ndipo Mama Mtawa akainuka, akaunganisha viganja vyake, akamwinamia. Mkubwa wa nyumba alimwinamia msichana wa tofu. Kwai akajua kwamba shauri limekwisha, na kwamba kimya chake kimebebwa kama ndiyo.

Harusi ilifanyika mwezi wa tisa, uani kwa Liew, meza arobaini. Meza moja, pembeni kabisa, iliwekwa vyakula vya mboga kwa ajili ya watawa. Kwai alivaa nyekundu na kofia ya shanga zilizomning'inia mbele ya macho. Katikati ya karamu Liew aliinuka na vijiti vyake, akachukua pande la nguruwe, lenye ngozi na mafuta yanayotikisika, akamshika kidevu mkewe mpya.

"Mnamwona huyu?" akawauliza wageni. "Miaka ishirini hajui nyama ni kitu gani. Leo namfungulisha."

Watu walicheka, wengine wakagonga meza. Kwai alikaza meno. Liew akambana mashavu kwa vidole viwili, kama anavyobanwa mtoto anayekataa dawa, na lile pande likaingia. Lilikuwa la uvuguvugu. Lilikuwa laini, laini namna isiyo ya kitu cha kuliwa, likateleza juu ya ulimi kama kitu kinachotaka kukaa humo. Kwa upenyo wa shanga aliitazama meza ya watawa. Mama Mtawa alikuwa anamwangalia. Macho yao yalikutana, kisha Mama Mtawa akainamisha uso, akachokoa uyoga ndani ya bakuli lake, akautia mdomoni akatafuna. Kwai akameza. Baadaye alitapika nyuma ya shimo walikochomea nguruwe, akatapika mpaka ikabaki nyongo, na mwanamke mmoja mpishi akamshika mgongo akamwambia kwa upole kwamba ni furaha tu, bibi harusi wengi huwa hivyo.

Kuanzia siku hiyo kinyaa kilihamia mwilini mwake kama mpangaji asiyelipa wala kuondoka. Kazi yake katika nyumba ile ilikuwa ndogo. Wake wakubwa walishika funguo na jiko. Yeye alipewa kumwangalia mzee. Kumwangalia mzee kulikuwa kusafisha meno yake ya dhahabu, ambayo aliyatoa kila baada ya chakula na kuyanyonya kwanza ili yasipotee mabaki. Kulikuwa kumwaga bakuli lake la kutemea makohozi, kulisugua kwa majivu, kulirudisha kando ya kiti. Kulikuwa kumkuna mgongo huku akizungumza na wageni wake, na wageni wakiuliza kilima kinaendeleaje, yeye akacheka akiwaonyesha Kwai kwa kidole gumba.

"Wenzangu hutoa mahari ya nguruwe na keki," alikuwa anasema. "Mimi nimetoa shule nzima. Sasa nani kati yenu ana mke wa bei kama huyu?"

Na shule ilijengwa kweli. Hapo ndipo palipomvuruga Kwai akili, kwa sababu ingekuwa rahisi kama Liew angedanganya. Mwaka 1952 madarasa manne yalisimama juu ya kilima, yamepakwa chokaa, paa la vigae, na bango la maandishi meusi: Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Kibudha, Yungiyungi Jeupe. Wasichana sitini waliacha makarai mtoni wakapanda. Mmoja alikuja kuwa mkunga wa wilaya, mwingine mwalimu, mwingine alikwenda ng'ambo akarudi daktari wa macho. Kwai aliwaona wakipita na vitabu, hana ubavu wa kuwatakia mabaya, na bado kila akiliona lile bango aligeuza uso.

Kila mwaka, Siku ya Waasisi, alikalishwa jukwaani kando ya mumewe. Wasichana walipita mmoja mmoja, wakainama mara tatu. Liew aliwapapasa vichwa wote, anawabariki, anauliza majina, na wakishapita akatoa leso kujifuta vidole, akimnong'oneza mkewe kwamba watoto wa mtoni wananuka mafuta ya nazi. Upande wa pili wa jukwaa Mama Mtawa alisimama ameunganisha viganja. Alimsalimia Kwai kwa upole mkubwa. Kwai aliitikia, na mate yalimjaa mdomoni kama ya mtu anayekaribia kutapika.

Mwaka wa pili wa ndoa alizaa mtoto wa kike, Siew Har. Liew alitaka wa kiume, akakasirika siku tatu, kisha moyo wake ukageuka kabisa. Alimpenda yule mtoto. Alimbeba mabegani mpaka machimboni, alimnunulia viatu vya kung'aa, alimmenyea machungwa akiondoa hata ule utando mweupe. Kwai aliwaangalia na kukosa pa kuweka macho. Mtoto alipombusu baba yake mdomoni, mama mtu aliondoka chumbani.

Liew alikufa mwaka 1964, Siew Har ana miaka kumi na mmoja na akimlilia mpaka akaishiwa sauti. Wake wakubwa walimpa Kwai wiki mbili za kuhama na cherehani moja. Alikodi sehemu ya mbele ya duka la mganga wa dawa za mizizi, karibu na kituo cha polisi, akatundika kibao. Mwezi mzima hapakuja mtu. Kisha akaja mjumbe kutoka shuleni: Mama Mtawa anataka sare mia mbili na themanini. Kwai alitazama ndani ya debe la mchele, akaona limebaki tupu. Akachukua tepu ya kupimia.

Ndivyo shule iliyomla ikawa inamlisha. Siew Har alisoma pale bure, akafaulu, akaenda kusomea uuguzi, akapanda mpaka kuwa mkuu wa wauguzi katika hospitali ya mkoa. Kwa miaka thelathini na minane Kwai aliwapima wasichana mabega. Alijua nani ana njaa kwao na nani ameanza kuficha kifua. Aliwapenda kwa njia yake ya kimyakimya. Aliwaachia pindo refu la kukunjua. Lakini kila Siku ya Waasisi, jikoni kwa watawa walipika karamu ya mboga iliyoigiza nyama, bata wa ngozi ya tofu, nguruwe wa unga wa ngano aliyechorwa hadi ngozi na mafuta, na kila mwaka walimletea boksi lake kwa heshima. Alilifungua mara moja tu, akaona lile pande linang'aa. Tangu hapo aliwapa mbwa wa kituo cha polisi, na hata harufu ya boksi iliyobaki mezani aliisugua kwa majivu.

Mwaka 1988 Mama Mtawa aliugua, akamwita. Kwai alikwenda. Alimkuta amelala kwenye kitanda cha mbao, amekuwa mdogo kama mtoto, anatoa harufu ya kinywa kilichokauka. Watawa vijana waliwapisha. Mama Mtawa alimshika mkono.

"Ulikubali," akasema. "Siku ile jikoni. Ulikubali, sivyo?"

Kwai alikuwa ameliwazia swali hilo miaka thelathini na saba, na majibu yake yote yalikuwa tayari, yamenolewa. Akaangalia ule mdomo unaotetemeka. Alimwona yule aliyempa uji kwa ncha ya kitambaa, na alimwona yule aliyetafuna uyoga. Akanyamaza. Mama Mtawa akapumua kwa nguvu, akafumba macho, akatabasamu. Kwai aliutoa mkono wake, akaenda kuunawa mferejini, akanawa mara mbili.

Basi ikafika 2002, shule inatimiza miaka hamsini. Siew Har alikuwa mwenyekiti wa wanafunzi wa zamani. Alimjia mama yake dukani akamwagiza mavazi ya igizo: gauni jekundu la harusi la kizamani, kofia ya shanga, na kanzu ya kijivu ya mtawa. Kwai aliuliza igizo linahusu nini. Siew Har alicheka, akasema ni la historia ya shule, mama asiwe na haraka, ataona. Kwai alishona. Hakutilia maanani, historia ya shule aliijua yeye kuliko kitabu chochote, na hakudhani kuna mtu mwingine anayeijua.

Jumamosi asubuhi aliitwa ukumbini, kwenye mazoezi ya igizo, kurekebisha pindo. Alikwenda na mto wake wa pini kifundoni mwa mkono, kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na minane akapita chini ya ile picha. Mwalimu mkuu, Soo Pek Yin, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu aliyewahi kuwa mmoja wa wale waliopapaswa vichwa, alimpokea kwa mikono miwili akamkalisha mbele. Siew Har aliketi kando yake, macho yamemlegea kwa furaha ya siri.

Pazia likafunguka. Msichana mrefu aliyebandikwa ndevu nyeupe alitokea, anatembea taratibu kama mtume, akasema kwamba yeye, Liew, hana haja ya kitu duniani ila heri ya watoto. Akatoka mwingine aliyevaa kanzu ya kijivu. Akaja wa tatu, ana ua la yungiyungi la karatasi mkononi; jina lake Jia Xuan, wa kidato cha nne, Kwai mwenyewe alimpima. Zumari likapigwa. Jia Xuan akapiga magoti mbele ya mtawa.

"Mama Mtawa," akasema, "usilie. Nitoe mimi, ili wadogo zangu wasome. Naenda kwa furaha."

Akatabasamu, akavalishwa lile gauni jekundu, na tajiri mwenye ndevu akampokea kwa kumwinamia. Walimu waliokuwa nyuma walifuta macho. Siew Har alikuwa analia waziwazi, ameushika mkono wa mama yake anaubonyeza. Kwai alihisi kitu laini, cha uvuguvugu, kimemlalia juu ya ulimi. Aliuvuta mkono wake. Alipanda ngazi za jukwaa, polepole kwa sababu ya magoti, akafika mbele ya Jia Xuan akaanza kumfungua vifungo.

"Vua gauni hili, mjukuu wangu," akasema. "Halikukai."

Zumari likakatika. Mwalimu Soo alipanda nyuma yake akiuliza kama bibi anajisikia vibaya, aletewe maji. Kwai aliuliza nani aliyetunga upuuzi huu. Mwalimu akasema hakuna aliyetunga. Mama Mtawa aliandika kwa mkono wake kabla ya kufa, daftari lilikutwa kwenye sanduku lake, na wao walitaka kumpa Bibi Kwai heshima aliyonyimwa miaka yote. Akalileta. Kwai alivaa miwani. Mwandiko aliujua. Ulisema: Binti yangu Kwai Fong alijitoa kwa hiari, uso wake ukitabasamu, na kwa ajili yake kilima kikapatikana.

Alilisoma mara mbili. Kisha akalifunga, akamrudishia mwalimu kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika kitu kilichookotwa chooni.

"Mimi sikujitoa," akasema. "Nilitolewa. Nilikuwa nakamua soya. Sikusema ndiyo, sikutabasamu, sikushika ua. Na huyo mzee hakumwinamia mtu. Alinibana mashavu akanitia nyama mdomoni mbele ya watu mia nne, na aliyeandika humu alikuwepo anakula uyoga."

Jia Xuan alisimama katikati, gauni limefunguka mgongoni, fulana ya michezo inaonekana ndani, hajui aende au abaki. Kwai alimkunjia kola akamwambia ashuke akanywe maji. Siew Har hakuwa amesogea kwenye kiti.

Jumatatu Mwalimu Soo alikuja dukani. Alikuwa mtu mwema na alikuwa na aibu, lakini pia alikuwa na shule. Akaeleza kwamba wajukuu wa ukoo wa Liew wamo katika bodi na ndio wanaojenga maabara mpya. Kwamba hadithi inaweza kupunguzwa, maua yaondolewe, tabasamu liondolewe. Kwai alimwambia kwamba hataki igizo. Kama wanataka historia, waandike sentensi moja katika kitabu chao: mwaka 1951 msichana wa nyumba ya watawa alipewa Liew Tong Sang, na Liew Tong Sang akatoa kilima.

"Bibi Kwai, hiyo haiwezi kupita bodini," mwalimu akasema. "Lakini kunyamaza kabisa pia ni kukudhulumu."

"Nilinyamaza mara mbili, wakaniandikia tabasamu. Safari hii nimesema. Mkiniacha nje, niacheni nje mzima."

Akamwuliza kama shule isingekuwepo, yeye mwalimu angekuwa wapi leo. Mwalimu akasema mtoni, labda, na karai. Kwai akatikisa kichwa kukubali. Alisema hilo ndilo linalomchefua zaidi ya yote, kwamba hawezi hata kutamani shule ibomoke. Kisha akamwambia atafute mshonaji mwingine.

Kitabu kilitoka na picha za rangi. Ukurasa wa nne ulisema kilima kilitolewa kwa huruma ya marehemu Bwana Liew. Badala ya igizo walicheza ngoma ya simba. Sare zikahamia kiwanda kimoja mjini Ipoh, na wazazi wakafurahi kwa sababu zilikuwa nafuu, ingawa kwapa ziliachia muhula wa kwanza. Kwai akaanza kushona mapazia na foronya za zahanati.

Siew Har hakuja kwa miezi mitano. Alipokuja, mvua ilikuwa inanyesha, akaingia na mwavuli wazi akasahau kuufunga. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya meza ya kukatia.

"Kwa hiyo na mimi je?" akauliza. "Ulipokuwa unaninyonyesha, ulikuwa unaona kinyaa?"

Kwai aliweka mkasi chini. Alisema siku ya kwanza alipowekewa mtoto kifuani alimnusa kichwa chote, kila mahali, akitafuta harufu ya yule mzee, na hakuikuta. Ilikuwa harufu ya mtoto tu. Akamnyonyesha.

"Baba alikuwa ananimenyea machungwa," Siew Har akasema.

"Najua. Nilimwona."

"Alikuwa anaondoa mpaka ule utando."

"Nilimwona, mwanangu. Nami ndiye niliyeosha bakuli lake la makohozi. Yote mawili ni yeye. Wewe mlilie wako."

Siew Har aliketi kwenye kibao cha wateja, akalia kama watu wanavyolia wakiwa watu wazima, bila sauti, akijifuta kwa mkono wa koti. Baadaye aliuliza maswali, kwa zamu, kama muuguzi anayechukua maelezo ya mgonjwa: alikuwa na umri gani, nani aliyemvalisha, alitaka kuwa nini. Kwai alijibu yote. Alipofika kwenye kanzu ya kijivu, kwamba aliiomba mara mbili, Siew Har aliinua uso, kwa sababu alikuwa hajawahi kufikiri kwamba mama yake aliwahi kutaka kitu. Walikunywa chai. Mvua ilipopungua akaondoka, akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena.

Picha ya baba yake hakuiondoa. Ilibaki ukutani kwake, sebuleni, ndani ya fremu ya fedha, na Liew amembeba mabegani mtoto mwenye viatu vya kung'aa. Kwai aliikuta pale Aprili, siku ya kufagia makaburi, alipoalikwa kula. Siew Har aliona macho ya mama yake yalikokwenda, akataka kusema kitu. Kwai hakumngoja. Alikivuta kiti chake, akakizungusha upande wa pili wa meza, akaipa picha mgongo, akaomba mchuzi wa soya.